Medali za Brazzaville Uani Kwangu

Chekeni mumalize kwanza, halafu nitawaambia mwenyewe, maana hapa mtaani, commune ya Tshopo, kila mutu iko na yake ya kuongeza.

Mimi shule niliacha mudogo, lakini pirogue, mitumbwi ya samaki, ni zangu, nyumba ya matofali ni yangu (hakuna mutu alinisaidia), donc basi sijazoea kusahihishwa. Siku ile wakwe walikuja kuongea mahari ya binti yangu Fifi: Prosper, mutoto wa Brazzaville, inchi ya jirani ng'ambo ya mto, pamoja na tonton na tantine, ni kusema mujomba na shangazi yake. Michezo ya mataifa ilikuwa inaendelea, nikaona, bon, nitoe televizyo uani, wageni wasichoke. Ni hiyo tu.

Sasa, kabla ya kugusa mahari, pande mbili zinataniana, na anayeshindwa maneno analipa faini. Mimi situlii kwa kiti, nasimama, nakaa, jicho kwa wageni, jicho kwa medali, mpaka jedwali likatokea, nikaona inchi yetu medali kibao, yao chache, nikaruka: «Wakwe, tumewapita! Muongeze mbuzi!»

Tonton akasema polepole: «Papa, bendera yetu ndiyo iko juu.»

Nikasema televizyo inadanganya, kapu la samaki lililojaa linapita lisilojaa, nani hajui?

«Wanaanza kuhesabu na dhahabu,» tantine akanijibu. «Shaba yenu hata ijaze pirogue, dhahabu yetu iko juu.»

Majirani wanaochungulia ukutani wakacheka. Hapo ningenyamaza. Lakini mdomo huu! «Watu wa kuhesabu hivyo watamulisha binti yangu nini?»

Tonton akachukua kofia, tantine akakusanya pagne, vitenge vya mahari, wakatoka, Prosper nyuma yao kichwa chini.

«Papa,» Fifi akalia, «wewe ulikimbia wapi ukapata medali? Unanifukuzia mume juu ya watu wa televizyo!»

Nikatoka mbio, kiatu kimoja mguuni, navuta mbuzi wa karamu niwape kwa kuomba musamaha, mushenzi yule akalala katikati ya barabara, nikamubeba mabegani, pikipiki zinapiga honi, na jirani Mama Alphonsine anapaza sauti: «Mukuje muone! Baba ya binti ndiye anatoa mahari!»

Niliwakuta njia kubwa wanangoja taksi. Nikapiga magoti kwa vumbi, mbuzi akinililia sikioni. Tantine akaniacha hivyo kwanza, halafu: «Nani iko juu?»

«Brazzaville.»

«Sisikii.»

«Brazzaville!» Wenye pikipiki wote wakapiga makofi.

Wakarudi. Fifi ameolewa, iko muzuri. Na mimi nimeapa: wakwe wakiwa uani, televizyo inabaki chumbani, na mdomo wangu unakaa kando yake.

(Lakini kwa wingi tuliwapita. Juu ya hiyo hata Fifi hataninyamazisha.)