Springi ya Des Trethewey

Des Trethewey, mfugaji wa kondoo, alikuwa na kilo themanini tangu siku ya harusi yake. Suruali zilibadilika, mikanda ikaongezwa matundu, kilo hazikusogea. Hata shokapu ya nyuma ya pikipiki yake ya porini aliitegesha kwa kilo hizo hizo.

Ndiyo maana kila akivuka korongo kavu pikipiki ilikaa kitako, kisha ikamrusha. Juma lile ilimrusha hadi ng'ambo ya uzio. Mchuzi, mbwa wake anayepanda nyuma, alitua salama akamtazama kwa huruma.

"Ukianguka tena naiuza," alisema mkewe, Noeline. "Utachunga kwa kile kigari cha magurudumu manne, kama vizee vinavyocheza gofu."

Afadhali Des azikwe. Jumamosi, kwenye banda la kunyolea kondoo, alipanda pikipiki na buti, helmeti na chupa ya maji, maana ndivyo shokapu inavyopimwa. Noeline alichuchumaa na futi ya kamba apime inavyozama, kutoka ekseli hadi madigadi. Mchuzi, alipomwona bwana wake kakaa, akarukia nyuma.

"Mshushe huyo, anaharibu kipimo!"

"Kwani kazini humbebi? Atakaa hapo hapo." Noeline akasoma futi. "Mh! Imezama mno."

"Springi imechoka."

"Haijachoka, mume wangu. Imechoshwa."

Des alishika nyundo na patasi, akaizungusha ringi ya shokapu na kuibana springi mpaka kipimo kikakaa sawa. Akashuka. Pikipiki ikabaki imeinua makalio juu, haikuzama hata chembe. Wote wawili walijua maana yake: pikipiki isipozama kidogo ikiwa peke yake, springi ni laini mno kwa mwenyewe. Ilitakiwa nyingine, ngumu zaidi.

Jirani yao Clarrie, mwenye pikipiki kama ile ile, alikuwa njiani kwenda mjini, na huko mtu humpata kwa redio ya upepo tu, ile inayosikilizwa na kila shamba wakati wa chai. Des akamwita.

"Springi ngumu?" Clarrie akaitikia. "Dukani wataniuliza uzito wako, bwana. Niwaambie ngapi?"

Des alijua kwamba jikoni kote watu wameacha kutafuna.

"Waambie themanini na..."

Noeline akakohoa. Nje ya mlango kigari kilikuwa kimeegeshwa, kimeoshwa kabisa. Aibu ilimpanda Des mpaka masikioni.

"Mia na tisa," akasema. "Bila mbwa."

Des akafumba macho kungoja kicheko, kwa sababu Clarrie alikuwa akimcheka tangu wakiwa shule, na hajawahi kukosa sababu. Kicheko hakikuja.

"Sawa, Des," Clarrie akasema kwa sauti ya chini. "Naleta mbili. Yako na yangu."