Kocha wa Kwenye Simu

Binti wa dada yangu alikuwa kidato cha tatu alipokuja kuishi kwangu, Nachingwea mjini. Wazazi wake wanalima korosho Nambambo, na kutoka kwangu shule ilikuwa karibu. Alicheza mpira, winga wa kulia. Rafiki zake walimrekodi akikimbia na mpira, wakaziweka video mtandaoni. Niliziona baadhi. Sikuona ubaya wowote.

Ijumaa moja jioni aliniomba begi la safari. Alisema kesho yake shule inakwenda kucheza Ruangwa. Nikampa. Akaingia nalo chumbani, kisha akarudi jikoni, akasimama.

"Mama mdogo, si shule," akasema. "Kuna kocha kaniita."

Nilimwambia akae. Niliendelea kuchambua mchele, maana niliona ni rahisi kwake kusema nikiwa simwangalii. Alieleza kwa mpangilio, kama anayejibu swali darasani. Mtu huyo alimwandikia baada ya kuona video. Alisema anatafuta wasichana wa timu ya wanawake, na kwamba kuna majaribio Ruangwa. Mwanzoni aliuliza urefu wake na namba ya viatu. Halafu akataka picha akiwa na jezi. Halafu akataka nyingine, bila jezi, eti ya kupimia mwili.

"Ulituma?"

"Sikutuma. Nilimwambia kamera mbovu."

"Akasemaje?"

"Akasema basi nije mwenyewe, atanipima huko huko. Nisimwambie mtu, wenzangu watanionea wivu. Nikifika stendi nimpigie, atanipeleka gesti walikofikia wenzangu."

"Uso wake umewahi kuuona?"

"Picha tu. Nikimpigia ya video anasema mtandao mbaya."

Dada yangu angempiga. Nilijua hivyo, na binti alijua pia. Niliomba simu nikasoma. Mtu yule aliandika vizuri, kwa adabu, akimwita "binti yangu". Binti alitaka kufuta kila kitu. Nilimkataza, nikampigia mwalimu wake wa michezo. Mwalimu alisema hajasikia majaribio yoyote, na kwamba kocha anayetaka mwanafunzi huanzia shuleni au kwa wazazi. Aliulizia kwa wenzake wa Ruangwa, akanipigia tena. Hakuna aliyemjua.

Binti ndiye aliyeamua kumwandikia: "Shikamoo kocha. Kesho nitakuja na mama yangu mdogo."

Jibu lilikuja papo hapo. "Hii siyo sherehe ya ukoo. Kaa kwenu. Mwenzako wa Chinongwe anajitambua, nafasi yako nampa yeye." Akambloku.

Mimi niliona yameisha, nikabandika sufuria. Binti hakuondoka jikoni. Huko Chinongwe alimjua msichana mmoja golikipa, walikutana kwenye michezo ya shule. Alimpigia jioni ile bila kupokelewa. Asubuhi ndipo alipopokea, na upepo ulikuwa unavuma kwenye simu. Alikuwa juu ya bodaboda, anakwenda Ruangwa.

"Shuka," binti akamwambia. "Yule si kocha."

"Una wivu," golikipa akajibu, akakata.

Binti alibaki ameshika simu. Nadhani wakati ule ndipo alipoelewa kwa nini mtu yule aliutaja wivu mapema.

Tulimpigia tena mwalimu. Yeye akampata mwalimu wa Chinongwe, huyo akampata mama wa golikipa, na mama akampigia kaka yake mwenye duka karibu na stendi ya Ruangwa. Mjomba alifunga duka akaenda. Alimkuta mpwa wake amekaa kwenye benchi, simu sikioni, anamweleza mtu nguo alizovaa. Mjomba akaketi pembeni yake. Simu ikakatika, na tangu hapo namba ile haikupatikana. Maana yake mtu yule alikuwa mahali ambapo aliweza kuwaona.

Wiki iliyofuata tuliwapeleka wasichana wote wawili kituo cha polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto. Askari wa kike alisoma ujumbe wote, akaandika maelezo, akasema tulifanya vizuri kutofuta. Namba ilikuwa imesajiliwa kwa jina la bibi mmoja wa mkoa mwingine, ambaye hakuwa na habari nayo. Sijasikia kuwa kuna aliyekamatwa.

Golikipa alikaa muda mrefu bila kuzungumza na binti. Sikumlaumu. Dada yangu naye alikasirika kwamba hakuambiwa siku ile ile, na nadhani ana haki.

Baadaye binti aliomba kuzungumza na timu yake kabla ya mazoezi. Nilikwenda, nikakaa nyuma. Hakuhubiri. Alisoma ujumbe wa yule mtu mmoja baada ya mwingine, kuanzia ule wa namba ya viatu. Wasichana walicheka mwanzoni, kisha wakasogea karibu.

"Na kama angekuwa kocha kweli?" mmoja akauliza.

"Angekubali niende na mama mdogo."

Wengi walikwenda uwanjani. Msichana mmoja alibaki kwenye baraza ya darasa, simu mkononi, akijifanya anafunga kamba za viatu. Binti akaenda kukaa karibu naye. Waliongea kwa sauti ya chini, na mimi sikuwafuata.