Barafu Saba Kule Vugiri

Mama yangu ndiye mtu pekee ninayemjua aliyewahi kupeleka barafu Vugiri. Sitii chumvi. Vugiri iko juu milimani upande wa Korogwe, na mwezi wa pili, sisi wa Mkata tukiwa tunakaangwa, watu wa kule wanaota moto saa nne asubuhi na wanaona kawaida tu. Ukimpa mtu wa Vugiri kitu cha baridi, anakutazama kwanza usoni aone kama uko sawasawa.

Lakini mama angebeba nini kingine? Kwetu Mkata, pale mabasi yanaposimama, barafu zake ndizo zinazojulikana. Za ukwaju, za ubuyu, anazifunga mwenyewe alfajiri kwenye vifuko vidogo na kuzilaza kwenye friza. Abiria wa Arusha wanazigombania madirishani. Jua likiwa utosini na lami inanata kwenye ndala, mtu akikupa barafu amekupenda. Mama haamini kuwa kuna zawadi inayoizidi hiyo.

Wiki mbili kabla ya safari, mama alianguka. Alikuwa ameinamia friza anapanga vifuko, mimi niko nje na ndoo, nikasikia kishindo. Nilimkuta chini, kanga imemvuka kichwani, jasho linamtiririka kama aliyemwagiwa maji. Kule zahanati tukaambiwa presha imepanda vibaya na joto hili halimfai, tumtafutie mahali pa baridi akae mpaka mvua zinyeshe. La sivyo, daktari alisema, na hakumalizia. Niliogopa jamani. Niliogopa mpaka nikawa mkali kwa kila mtu, hata kuku walinikimbia.

Mahali pa baridi palikuwepo. Vugiri ndiko mama alikozaliwa, na dada yake mkubwa bado anaishi kule peke yake kwenye nyumba ya wazazi wao. Shida ilikuwa mama mwenyewe. Tangu alipoolewa na Mzigua akateremka bondeni, miaka hamsini sasa, hajawahi kulala Vugiri hata siku moja. Anafika asubuhi, anasalimia, kama kuna msiba anazika, jioni huyo anageuza. Zamani alisema mihogo yake italiwa na nguruwe pori. Halafu ikawa watoto. Siku hizi ni barafu.

"Nikilala huko," aliniambia, "abiria wa basi la saa saba watakula nini?"

"Watakunywa maji, mama."

"Maji!" Akanitazama kama nimetukana.

Basi nikala njama. Nikampigia simu mama mkubwa, yaani huyo dada yake, tukakubaliana: nitamleta mama matembezi ya siku moja, kupunga upepo tu, na jioni tutamwacha. Tutamwachaje? Hapo kila mmoja alidhani mwenzake anajua. Nikachukua ule mfuko wetu mkubwa wa shangazi kaja, nikaweka masweta yake mawili, kanga, gauni la kulalia na dawa zake za presha za mwezi mzima. Juu nikaweka unga wa mahindi na nazi, kumpiga changa la macho. Yeye kwa upande wake akajaza deli, lile sanduku la plastiki tunalotunzia ubaridi, barafu thelathini zilizoganda kama mawe, akalifunga kwa blanketi zisiyeyuke.

Jumamosi tuliondoka na pikapu ya mume wangu, ile anayobebea mahindi. Mbele tulikaa watatu: yeye kwenye usukani, mama dirishani, na mimi katikati kama ukuta. Ukuta ulihitajika. Kwa desturi yetu mume wangu hawezi kukaa bega kwa bega na mama mkwe wake, wala hamsemeshi moja kwa moja kama anaweza kukwepa. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, maneno yao yote yanapitia kwangu.

"Muulize mama kama upepo unamsumbua," mume wangu alisema tulipokaribia Segera.

"Mwambie mkwe huo si upepo, ni mvuke," mama alijibu.

Wote wawili walikuwa wanasikiana vizuri kabisa. Lakini nilirudia neno kwa neno, maana nikiruka hata moja mama ananifinya.

Tukapita Korogwe mjini, tukafika Makuyuni, tukaacha lami tukaanza kupanda. Kila kona joto lilikuwa linapungua. Jasho likakauka shingoni, halafu masikio yakaanza kupoa, halafu mume wangu, mwanaume mzima, akafunga kioo. Migomba ikaongezeka, ukungu ukawa unapita barabarani. Mama alikuwa ametoa mkono nje anaushika.

Mama mkubwa tulimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda karibu na moto. Ana miaka themanini na ushee. Alivaa masweta mawili na juu yake koti la marehemu mumewe. Tukaamkia shikamoo, tukaitikiwa marahaba, tukaulizwa habari za kila mtu hadi mbuzi. Kisha mama akafungua deli kwa madaha, ukatoka moshi wa baridi.

"Dada, nimekuletea barafu."

Mama mkubwa akachungulia. "Za nini?"

"Za kula."

"Huku mtu akitaka baridi anafungua mlango," mama mkubwa akasema, akarudisha kifuniko kwa ncha ya kidole.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Mume wangu akatoka nje kwenda kuangalia matairi, maana hana ruhusa ya kumcheka mkwe. Ila nilipomtazama mama nikaacha. Alikuwa amekunja midomo anafunga tena blanketi, polepole, fundo moja moja. Alikuwa ameumia.

Baada ya kula ndizi na maharage na chai ya tangawizi inayounguza koo, wale ndugu wawili wakatoka kutembea. Niliwafuata kwa nyuma. Mama alipanda kile kilima cha nyuma ya nyumba bila kusimama. Mkata hafiki chooni bila kushika ukuta! Akateremka mpaka kijitoni, akavua viatu, akatia miguu majini akapiga kelele. Mama mkubwa akamwambia yuko vilevile, tangu utotoni kelele tu, na mama akamrushia maji. Nikajisemea, hapa atabaki, akitaka asitake.

Mambo yaliharibika saa saba. Mama alitaka kumeza dawa, akapekua mkoba wake mdogo, hakuziona.

"Lo, nimezisahau," akasema. "Itabidi tuondoke mapema."

Nikafungua mdomo nitunge uongo. Na mume wangu, mwanaume ambaye miaka ishirini na mbili hajamwambia mama neno, akachagua dakika ile kuwa jasiri.

"Zipo mama, usijali. Nimeziona kwenye shangazi kaja. Za mwezi mzima."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama akaenda kwenye mfuko, akatoa unga, akatoa nazi, akatoa sweta. Akatoa sweta la pili. Akatoa gauni la kulalia akalinyanyua juu tulione vizuri.

"Kumbe mmekuja kunitupa," alisema. "Paka hutupwa na gunia, mimi nimetupwa na shangazi kaja."

"Mama, si hivyo."

"Ni vipi? Nimekuwa mzigo? Mikono hii si ndiyo inayofunga barafu zinazokulisha? Nyanyua hilo deli. Tunaondoka!"

"Ulianguka, mama! Unataka nikuzike?" Nilimpandishia sauti mama yangu mzazi, mbele ya mkwe na mbele ya dada yake. Nilikuwa nalia, sikujali. Yeye akawa anarudisha nguo kwenye mfuko kwa kuzisokomeza. Alikuwa ameshavaa viatu.

Mama mkubwa hakuwa ametikisika kwenye kigoda chake. Sasa akanyoosha mkono.

"Kabla hamjaondoka," akasema, "hebu nionje hizo barafu."

Mama akasita. "Si ulizikataa?"

"Nilikuwa sijashiba. Nipe ya ukwaju."

Mama akafungua deli huku bado amenuna. Mama mkubwa ana meno matatu. Akaing'ata ncha ya kifuko kwa hayo, akaanza kunyonya. Machozi yakamtoka. Akamaliza, akasema tamu, akaomba nyingine. Ya pili mama akatabasamu kidogo, hakuweza kujizuia. Ya tatu akamweleza jinsi anavyochemsha ukwaju. Ya nne tukaanza kutazamana. Ya tano midomo ya mama mkubwa ilikuwa ya zambarau na koti linatikisika lote.

"Dada, basi, inatosha."

"Ya ubuyu sijaonja."

"Dada, utaumwa!"

"Umenibebea kutoka Mkata, nikunyime furaha?"

Alikula saba. Nilivihesabu vifuko sakafuni. Halafu akakohoa mara moja, akakohoa tena, akajikunyata, na alipojaribu kusema sauti haikutoka, ni upepo tu. Mama akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono, akapiga yowe kuwa imekuwa mawe. Akaongeza kuni. Akaamuru maji ya moto, tangawizi, blanketi lile la deli. Akavaa na lile sweta alilolikuta kwenye shangazi kaja, kwa sababu, alisema, hawezi kumuuguza mtu huku anatetemeka.

Saa tisa na nusu mume wangu alinong'ona niulize tunaondoka saa ngapi, ukungu unashuka.

"Nendeni nyie," mama alisema bila kugeuka. "Mtu wa miaka themanini, nani aliyempa barafu? Si mimi? Nimwache hivi? Nitakuja kesho."

Kesho yake hakuja. Nilipiga simu akasema dada bado anakohoa. Jumatano bado. Jumamosi iliyofuata kikohozi kimehamia kifuani, akasema, na tena nisimsumbue, yuko shambani anachuma mboga. Sauti yake ilikuwa na nguvu nilizokuwa nimezisahau. Mimi huku nafunga barafu peke yangu alfajiri, mbaya, zinazovuja, na abiria wa basi la saa saba wananiuliza bibi yuko wapi.

Wiki ya nne simu ilipokelewa na mama mkubwa. Sauti yake ilikuwa safi kabisa.

"Mwanangu," alisema haraka haraka, "ameenda kuchota maji, nisikilize. Ameanza kuulizia mabasi. Niletee barafu nyingine."

"Mama mkubwa! Kwa hiyo ulikusudia?"

"Miaka hamsini anaondoka jioni, mimi namsindikiza mpaka kwenye kona, sijawahi hata mara moja kumwambia lala. Niliogopa atakataa. Za ukwaju. Ubuyu unanikwaruza."

Kisha nikasikia ndoo ikitua, na mama mkubwa akaanza kukohoa kwa huzuni. Mama akachukua simu.

"Usimsikilize," alisema. "Haumwi huyu. Anakohoa nikiingia, nikitoka anaimba. Wiki ya tatu hii namsikia."

Nikamuuliza basi atarudi lini.

Nyuma yake yule mzee alikuwa bado anajitahidi na kikohozi chake.

"Ukija Jumamosi," mama akasema, "niletee dawa za mwezi mwingine."