Koti ya Manjano ku Mulima ya Kabasha

Kama unataka kucheka, cheka sasa, mbele nianze. Kiisha unyamaze, juu hii niliiona na macho yangu mawili, asubuhi, na sikuwa nimekunywa hata tone moja ya kasiksi. Bibi yangu Kahindo, mama ya batoto yangu, aliona pia. Kama unafikiri ni bongo, ni uongo tu, enda umuulize.

Ilikuwa wakati ya vita. Nilikuwa motard, nabeba batu na moto yangu, ile pikipiki, kati ya Butembo na Beni. Ile wakati moto yenye kuonekana ilikuwa moto ya basoda, ni kusema baaskari: bakiiona tu kwa mbali, banakunyanganya. Basi siye bote ma-motard tulikuwa na akili moja. Unapakaa matope ku taa ya mbele, unapakaa ku ile ndogo nyekundu ya nyuma, unavaa nguo nyeusi. Hata tulikuwa tunajisifu! "Mi nimepita Maboya, hata mbuzi haikuniona." Bajinga kabisa, siye.

Sasa ile asubuhi Kahindo alikuwa na mimba ya miezi munane, na damu ikaanza kutoka. Kwetu munganga alikuwa amekimbia vita. Nikamupandisha ku moto, twende Beni.

"Baba Mumbere, enda pole, ukungu ni mingi," akaniambia.

Kweli, ku Kabasha ukungu ilikuwa nzito, hata mikono yangu ku gido, usukani ya moto, niliiona kwa shida. Na mi nikafurahi! Nikasema, leo hakuna musoda atatuona.

Ku kona moja mutu akatoka pembeni, akasimama katikati ya barabara. Kijana, amevaa koti ya mvua ya manjano, imeshonwa ku bega na uzi nyekundu. Nikafunga freni. Hakusalimia. Akainama, akaanza kupangusa taa yangu na mukono wake.

"Weye! Acha! Unataka banikamate moto?"

"Kaka, mi nilijificha muzuri sana," akasema.

Ni ile tu. Akawasha taa, akavula koti, akamuvalisha Kahindo pole pole, sawa ni dada yake. Kahindo akashituka: "Yesu! Mikono yake ni baridi!" Nikageuka nimutukane vizuri. Hakuna mutu. Upande moja ni ukuta ya udongo, upande ingine ni bonde. Alienda wapi? Uniambie weye, alienda wapi?

Mbele nifunge kinywa, kamio, lori nzima, ikatoka mu ukungu, inashuka mulima mbio, juu yetu. Nikasema tumekufa. Ikakata pembeni, ikagonga ule ukuta, ikasimama. Shofere akashuka anapiga kelele: "Mungu asifiwe niliona taa! Niliona ile koti ya..." Alikuwa anaangalia bega ya Kahindo, ule uzi nyekundu. Akakaa chini ku barabara, mutu muzima vile, akaanza kulia.

"Ile koti tulimuzika nayo," akasema. "Juma iliyopita, motard moja, nilimugonga hapa hapa. Taa yake ilikuwa matope matupu, njo maana sikumuona kabisa. Koti alikuwa ameifunga ndani ya saki yake ya mugongo, basoda basiione. Mi mwenyewe njo niliitoa, nikamufunika."

Nikawasha moto, tukaenda na taa yenye kuwaka mpaka Beni.

Kahindo alizaa ile siku: Kambale, mutoto wetu wa pili. Na basoda? Balininyanganya moto, hata mwezi haikuisha, na ni taa njo ilinisaliti. Nilikasirika, lakini sikulia. Moto nilitafuta ingine. Kambale ningemutafuta wapi?

Koti iko kwangu mpaka leo. Asubuhi ya ukungu tunaikuta ku musumari inatona maji, na mu nyumba ni kukavu. Naivaa kila safari. Nikikutana na kijana mwenye taa ya matope, namusimamisha, naipangusa mi mwenyewe. Bengine bakiona koti banakimbia, banapiga kelele ni ule mufu.

Na weye pia, na ile taa yako ya matope, hapana kimbia, mutoto wangu. Simama. Shika mikono yangu, iko na joto bado. Usingoje usimamishwe na ule mwenye mikono ya baridi.