Shavu la Bi Saadiya

Ajiambo alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kuangalia midomo ya watu. Alikuwa ofisa wa meno katika kliniki moja ya Voi, mzaliwa wa Busia, mama yake Lorine, aliyeletwa huku na mume wa reli, na hata kanisani wenzake wakiimba yeye alikuwa akihesabu mapengo. Watu walimcheka. Baadhi yao hawacheki tena.

Bi Saadiya aliuza leso karibu na soko, naye alikuwa mtu wa kutafuna tambuu. Asubuhi hadi jioni shavu lake la kushoto lilikuwa limejaa na midomo imeiva wekundu, kama mama yake na nyanya yake kabla yake. Shavu lilipozidi unene, watu walisema tu kwamba ameongeza tambuu.

Ikaja Ramadhani ya mwaka 1996. Siku ya tano ya mfungo, saa saba mchana, Ajiambo aliingia dukani kununua leso akalikuta lile shavu limejaa vilevile. Alitahayari. Mkristo ataanzaje kumuuliza Mwislamu anatafuna nini mchana wa Ramadhani? Lakini Safaa, wifi yake Saadiya, aliyekuwa amekaa mkekani, hakuwa na haya hiyo.

"Mungu ndiye ajuaye nani amefunga," alisema huku akitazama dari, "na nani anatuachia njaa peke yetu."

Machozi yalimlengalenga Bi Saadiya. Akaachama kinywa mbele yao wote wawili. Hamkuwa na tambuu. Mlikuwa na uvimbe.

"Mama Lorine, hebu niangalie wewe mwenye kazi yake. Mwaka mzima sasa. Daktari mmoja aliubonyeza akaniambia ni mafuta tu, hayana neno."

Ajiambo alinawa mikono, akapitisha kidole. Ulikuwa laini kweli, ukubwa wa yai. Lakini mafuta ya kawaida huteleza chini ya kidole na hukua polepole, ilhali huu ulishika ndani kama muhogo ardhini, na kwa maneno ya mwenyewe ulikuwa umeongezeka maradufu tangu Idi iliyopita. Hakuona sababu ya kuficha wasiwasi wake.

"Bi Saadiya, sijui ni nini. Nataka nikate kipande kidogo kipimwe Nairobi. Pengine ni mafuta. Pengine ni saratani, na kama ndiyo, hatuna siku ya kupoteza."

"Basi leo hii. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua, siku hii nitailipa baadaye."

Kule kliniki Obadiah, mkubwa wake, alikuja kutazama. Kipande kilikuwa cha manjano, na kilipotiwa kwenye chupa ya dawa ya kuhifadhia, kikaelea. Obadiah aliangua kicheko.

"Si umeona, madam? Kinaelea kama mafuta kwa supu. Andika mafuta, mama aende nyumbani."

"Hata mafuta huwa na tabia mbaya, mkubwa."

"Miaka ishirini niko kwa hii kazi. Sijawahi kuona saratani ya mafuta kwa mdomo."

"Hata mimi sijaona. Ndiyo maana nauliza Nairobi."

Mdharau mwiba mguu huota tende, na Ajiambo hakuwa mtu wa kudharau mwiba. Mumewe, Wanyonyi, alikuwa gadi wa treni. Safari yake iliyofuata aliibeba chupa mwenyewe na kuikabidhi maabara mkono kwa mkono.

Jibu lilichukua wiki tatu. Lilikuwa saratani ya tishu za mafuta, ile adimu. Daktari wa maabara aliongeza kwa kalamu kwamba ameziona mapajani, shavuni hii ndiyo ya kwanza. Kwamba bado ni mapema. Ikatwe yote, upesi. Obadiah aliisoma barua mara mbili, akavua miwani.

"Nimekosa," alisema. Kisha akaikamata simu, na hakuiweka chini mpaka Bi Saadiya alipopata kitanda Nairobi.

Madaktari walimkata uvimbe mwezi wa Machi. Walimwambia huenda kinywa kisifunguke tena sawasawa, na kwamba kupona kwake kutajulikana kingo za nyama iliyotolewa zikishapimwa. Alirudi Voi na bendeji, akangoja. Alikula uji, akasali, na akawa hasemi na mtu.

Barua ya pili ilifika siku ya soko. Ajiambo aliifungua kwenye kaunta ya kliniki, akasoma mstari mmoja tu, akatoka mbio na koti lake jeupe katikati ya watu.

"Kingo ni safi!" alipiga kelele kabla hajafika mlangoni pa duka la leso. "Bi Saadiya, wameitoa yote! Yote!"

Bi Saadiya alisimama. Akalishika shavu lililoshonwa kwa kiganja, akavuta pumzi, akapiga kigelegele. Kilitoka upande, hewa ikivujia pembeni, lakini kilikuwa kigelegele. Safaa alikipokea, wauza mboga wa ng'ambo wakakipokea, na Bi Saadiya akavuta pumzi akapiga kingine.