Rafu za Kioo za Bwana Pazia

Aliyewahi kuhudhuria harusi iliyopambwa na huyu bwana haulizi kwa nini aliitwa Pazia. Akiona ukuta, anaufunika. Akiona nguzo, anaivisha gauni. Siku moja alikwenda hospitali kumjulia hali mgonjwa. Aliondoka mgonjwa hajajuliwa hali, lakini muuguzi ameshashauriwa abadilishe rangi ya mashuka.

Mapazia hayakumsumbua. Kilichomkosesha usingizi ni nyumba. Tangu aoe aliishi chumba cha uani kwa mama mkwe wake, na bibi yule hakuwa mtu wa kumung'unya maneno.

"Huyu mkwe wangu ni fundi wa kuficha," aliwaambia wageni, Pazia mwenyewe akiwa palepale na kikombe mkononi. "Amejificha hapa tangu harusi, sijui atatoka lini."

Basi shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa na kiwanda cha viatu vya plastiki. Akataka ghala moja la kiwandani ligeuzwe ukumbi wa maonyesho, na ofisi iwe humo humo. Dada mtu akamganda ampe mumewe kazi hiyo, mpaka akakubali shingo upande.

"Nikiridhika, shemeji, ajira unayo na nyumba ya kiwanda unahamia," alisema. "Nisiporidhika, mimi na wewe tutaonana misibani."

"We tulia, shemeji. Mambo yatakuwa moto."

Pazia akanunua kofia ngumu nyeupe, akaivaa hata akienda dukani kwa sabuni. Wenzake hupima kwa utepe. Yeye alifumba jicho moja, akanyoosha kidole gumba, akaguna. Kazi yote aliifanya Jumapili, kiwanda kimelala, kwa sababu makelele ya mashine, alidai, yanamvuruga mawazo. Tena ndivyo alivyozoea: ukumbi wa harusi hupambwa ukiwa mtupu, mpambaji akaondoka zake kabla ngoma haijalia. Akauchagua ukuta mrefu kuliko zote uwe wa kuonyeshea viatu. Nyuma ya ukuta huo ilisimama mashine ya kugonga soli. Jumapili ilikuwa kimya kama kabati.

Ghala likavaa. Dari ikashushiwa vitambaa, sakafu ikatandikwa zulia jekundu. Ofisi ilizungushiwa vioo toka juu hadi chini, meza imepandishwa jukwaani kana kwamba bwana na bibi harusi wako njiani. Na ukutani, rafu za kioo, nyembamba, laini, viatu vimepangwa jozi jozi.

"Mbona hazina kingo za kuzuia viatu?" mkewe aliuliza.

"Kingo zinaua mandhari, mke wangu."

"Haya. Mimi nataka nyumba tu."

Siku ya ufunguzi wageni walijaa, mama mkwe kaketi mstari wa mbele na mkoba magotini. Kaka mtu, kwa kutaka sifa, akaamuru mashine ziwashwe, watu wajue kiwanda kiko hai.

Ukuta ukaanza kutetemeka. Ndala moja nyekundu ikasogea kidogo, kama mtu anayepisha njia. Ya pili ikaifuata. Punde rafu zote zilikuwa safarini, raba kwa sandali, zikijivuta kuelekea ukingoni. Nyumba ile nayo Pazia aliiona inasogea na viatu.

"Vinatembea vyenyewe!" mfanyabiashara mmoja mnene akapiga kelele, kisha makofi. "Nani kabuni hii?"

Watu wote wakageuka. Mtu mwingine angesema kweli na kurudi uani kwa mama mkwe. Pazia akarekebisha kofia yake.

"Ubunifu wangu, mzee. Kiatu kazi yake si ni kutembea?"

Ndala nyekundu ikaanguka zuliani, pwaa!

"Na kuanguka umekubuni wewe, mkwe?" mama mkwe aliuliza, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Shemeji alicheka kuliko wote, maana mfanyabiashara alikuwa ameshaagiza shehena nzima. "Ibaki hivyo hivyo," akaamuru.

"Lakini shemeji, vikianguka je?"

"Utaviokota. Si ubunifu wako?"

Nyumba akapewa, ajira akapewa, ofisi ya vioo nayo ikawa yake. King'ora kikilia asubuhi, Pazia anashuka jukwaani kurudisha viatu nyuma. Akifika mwisho wa ukuta, vya mwanzo vimeshafika ukingoni. Aliomba ruhusa atundike japo pazia moja dogo kwenye vioo vya ofisi, apate kufuta jasho faraghani. Shemeji akamwambia pazia linaua mandhari.

Mama mkwe huja siku akikosa la kufanya. Huvuta kiti cha wageni, akatulia, mkoba magotini.

"Mkwe," humwita, akigonga kioo kwa pete, "ile ya buluu inakutoroka."

Naye huikimbilia.