Hewa Kwenye Klachi

Baba yangu aliendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna abiria aliyewahi kuhisi akibadilisha gia. Walimpa jina la Taratibu. Watu wa zamu ya asubuhi walipanda na usingizi wao, wakaendelea kulala, wakaja kuamshwa getini. Kikombe chake cha chai kilikaa kwenye dashibodi bila kifuniko. Siku kikimwagika, nyumbani tulijua, maana hakuzungumza na mtu mpaka kesho yake.

Alipostaafu akaanza kuwapeleka shule watoto wanne wa mtaani kwetu kwa gari lake kuukuu. Watoto wanampenda, wanamwita Babu Taratibu, na yeye huwakagua kamba za viatu kabla hawajapanda. Kwa hiyo utaelewa aibu iliyompata Alhamisi, gia zilipolia kama bati linalokatwa mbele ya mlango wa shule. Ijumaa ikawa mbaya zaidi. Gari lilizimika kwenye kilima, likarudi nyuma hatua kadhaa kabla hajalikamata kwa breki. Yule mdogo kuliko wote, wa darasa la kwanza, alifika kwao akicheka, akamsimulia mama yake jinsi walivyokwenda kinyumenyume. Mama yake hakucheka.

"Hewa," Baba alisema. "Hewa imeingia kwenye klachi. Jumatatu litakuwa sawa."

Na alichosema kina maana, hilo ndilo lililonikera. Klachi ya gari lile husukumwa na oili iliyo ndani ya bomba la mpira. Hewa ikiingia humo, pedali hulegea na gia hugoma. Dalili zote zilikuwepo. Jumamosi akatoa hewa mara mbili, na Mama ndiye aliyekanyaga. Jumapili asubuhi akanipigia simu nije nikanyage mimi, kwa sababu eti Mama anakanyaga kwa hasira.

"Wenzangu waliolewa wakatunzwe," Mama aliniambia mlangoni. "Mimi niliolewa nikakanyage pedali."

Nilicheka. Yeye hakucheka, na hilo nalo lilipaswa kunishtua.

Gari lilikuwa uani, magurudumu ya mbele juu ya vibao viwili alivyochonga mwenyewe, jiwe nyuma ya gurudumu. Baba alikuwa chini yake tayari, na spana yake namba kumi na chupa ya jamu. Kwetu kazi hii ina utaratibu wake tangu nikiwa mtoto: wa chini anaamuru, wa juu lazima ajibu.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

Hapo hufungua nati, oili ikapita kwenye mpira mwembamba mpaka kwenye chupa, akafunga, akasema "Achia". Hakuna kuachia kabla ya kuambiwa. Mama aliwahi kuachia mapema mara moja, hewa ikarudi ndani, na ugomvi wao ulichukua siku mbili.

Mara ya kwanza tu nilipokanyaga nilijua. Pedali ilikuwa ngumu, nzima kabisa.

"Baba, mbona iko sawa?"

"Ngumu kwako. Kwangu inazama bila kujibu. Kanyaga."

Sikio halizidi kichwa, nikakanyaga. Nikakanyaga mpaka goti likaanza kulalamika. Kila nilipochungulia chupa niliona oili safi, bila hata povu moja. Tulikuwa tunatwanga maji kwenye kinu, na mwenye mchi ni mimi.

"Ajabu," alisema kutoka chini. Karibu na ile nati kuna kijiti cha chuma. Ukikanyaga pedali, kijiti hutoka na kuisukuma klachi. "Kijiti kinatoka vizuri tu, pingili nzima ya kidole. Hii hewa imejificha wapi?"

Akatoka, mgongo wote vumbi. "Shuka. Nitakanyaga mimi, mguu wangu unaijua hii pedali. Wewe ingia chini utazame."

Alipokuwa anapanda, kandambili yake ya kushoto ilibaki chini. Hakujua. Alikaa, akafunga mlango nusu, mguu mtupu. Mama akainama, akaiokota, akamvisha kwa mkono wa mtu aliyekwisha kuzoea. Kisha akanitazama, na mimi nikaingia chini ya gari haraka ili nisitazamane naye.

"Kanyaga," nilisema.

"Nimekanyaga."

Kijiti kilikuwa palepale.

"Kanyaga mpaka chini, Baba."

"Iko chini!"

Kilisogea kidogo, kikatetemeka, kikarudi. Nilisema "Shikilia" kwa mazoea tu.

"Nimeshikilia," akajibu, kwa sauti ya mtu asiye na shaka.

Nililala pale nikitazama kile chuma. Nilitaka kudanganya. Lakini kesho saa kumi na mbili na nusu watoto wanne watakuwa wamesimama nje na mabegi yao, na kile kilima kiko palepale.

"Kimetoka kiasi gani?" akauliza.

"Unene wa sarafu."

 Hakuna fundi wa kumfundisha Baba maana ya jibu hilo. Ametuambia maisha yetu yote kwamba gari halidanganyi, wanaodanganya ni madereva.

"Baba watoto," Mama alisema polepole, "mficha maradhi—"

"Nani ana maradhi hapa?" Nilisikia kiti kikilia. "Subirini. Nilikuwa sijakaa vizuri."

Nikamsikia anavuta pumzi. Kijiti kikaanza kutoka. Kilitoka kidogo kidogo, kikapita sarafu, kikapita nusu, kikafika pingili nzima na kutulia.  Nakiri, kwa dakika ile nilimwamini, nikaamini na hewa yake.

"Kimetoka!" nilipiga kelele. "Baba, kimetoka chote!"

"Si niliwaambia?"

Nilijiburuta nje nikicheka, nikashika mlango kuinuka. Mama alikuwa amesimama upande wa pili, kiganja mdomoni. Baba alikuwa ameinama mbele, jasho linamtoka, na mikono yake yote miwili imekandamiza goti la kushoto kwa nguvu, mishipa imesimama. Ndivyo alivyoifikisha pedali chini. Usukani haukuwa na mtu.

Naye alikuwa anatabasamu. Sijawahi kumwona anatabasamu vile tangu astaafu.

"Hewa imetoka," akasema, bado amelikandamiza goti. "Mwanangu, chukua simu yangu hapo. Mpigie mama wa yule mdogo, mwambie kesho nampitia mtoto wake saa ileile."

Nilichukua simu. Nililitafuta jina, nikalipata, nikapiga. Yule mama alipokea mara moja, akasema haloo, akasema tena haloo, na Baba akiwa ananiangalia, nikashindwa hata kumsalimu.